Gari limeshuka bei, matairi yake hayajashuka: kuchagua matairi nafuu kwa SUV yenye nguvu

Magari ambayo yalipokuwa mapya yaliendeshwa na watu wachache mno sasa yanateremshwa katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa yakiwa na umri wa miaka saba, minane au zaidi: BMW X5, Porsche Cayenne, Range Rover Sport, Audi Q7, Mercedes-Benz ML. Miaka hiyo imeyapunguzia bei kiasi kwamba mtu mwenye kipato cha kawaida na akiba ya muda mrefu anaweza kuyafikiria. Lakini umri unaoshusha bei ya gari haushushi bei ya tairi lake. Ukubwa wa tairi, uzito linaoubeba na joto linalolistahimili vilipangwa kwa kuangalia gari lilivyokuwa siku lilipotoka kiwandani, si kwa kuangalia bei tuliyolinunulia sisi.

Shemeji yangu aligutushwa na jambo hilo mwaka jana, matairi ya X5 yake yalipoisha na akaanza kuulizia bei. Muuzaji mmoja alimwambia kwamba gari lile halikubali tairi lisilo na alama ya nyota. Mfanyakazi mwenzake akamwambia anunue mtumba wa Japani, kwa sababu tairi la Japani lililotumika linashinda jipya la Kichina. Fundi akamshauri ashushe rimu. Mtu wa nne akasema tairi ni tairi, mradi linashika upepo. "Shemeji," aliniambia, "kila mmoja anasema kwa uhakika, na hakuna wawili wanaokubaliana."

Maelezo haya nimeyaandika kwa ajili yake na kwa ajili ya wengine wengi walio katika hali hiyo. Kwa maoni yangu, unafuu wa kweli unapatikana kabla ya kuulizia jina la kampuni, yaani katika kuchagua ukubwa na sifa zinazolifaa gari. Yapo mambo tunayoyalipia bila kuyahitaji, na yapo mengine machache ambayo ukiyapunguza umepunguza usalama wa waliomo ndani. Ugumu ni kuyatenganisha.

Kwanza tukubaliane kuhusu gari lenyewe. Ninaposema SUV yenye nguvu, ninamaanisha gari la juu la familia lenye uzito wa zaidi ya tani 2, injini kubwa, breki kubwa na, mara nyingi, magurudumu yote manne yanayosukumwa na injini. Uzito wa gari la mizigo na mwendo wa gari la mbio vimekutana mahali pamoja, na vyote viwili vinaishia kwenye vipande vinne vya mpira vinavyogusa lami, kila kimoja kikiwa na eneo lisilozidi sana kiganja cha mkono wa mtu mzima. Ndiyo maana tairi linalotosha katika gari dogo haliwezi kuhamishiwa hapa hata kama rimu inalingana.

Maandishi ya ubavuni

X5 ya kizazi cha pili, iliyotengenezwa kati ya 2006 na 2013, mara nyingi huja na rimu za inchi 20, na tairi lake la mbele huandikwa 275/40R20 106W. Namba 275 ni upana wa tairi kwa milimita. Namba 40 ni urefu wa ubavu ukilinganishwa na upana huo: asilimia 40 ya 275, yaani milimita 110. R inaonyesha jinsi nyuzi za ndani zilivyopangwa, na kwa kuwa karibu matairi yote ya magari madogo siku hizi yamepangwa hivyo, haina la kutusumbua. Namba 20 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Wanunuzi wengi huishia hapo, kama mtu anayenunua viatu kwa namba ya mguu bila kuuliza kama ni vya shambani au vya harusini. Kinachobaki, 106W, ndicho kinachoeleza kazi ambayo tairi linaiweza: 106 ni namba ya mzigo, na W ni herufi ya kasi.

Namba ya mzigo haisomwi kama kilo. Inasomwa kwenye jedwali maalumu, ambalo ni lilelile kwa kampuni zote: 105 ni kilo 925, 106 ni kilo 950, 109 ni kilo 1,030 na 110 ni kilo 1,060, kwa tairi moja lililojazwa upepo wa kutosha. Hapa ndipo kosa la kwanza linapoingia. Chukua ukubwa wa 255/55R18, unaotumika sana katika magari haya: unauzwa wenye namba 105 na pia wenye namba 109, na la 105 linaweza kuwa na bei ndogo kidogo. Mnunuzi anapiga hesabu kwamba 925 mara 4 ni kilo 3,700, na gari lake likijaa watu na mizigo halifiki kilo 3,000, basi anaona la 105 linatosha na kubaki.

Hesabu hiyo ingekuwa sahihi kama gari lingesimama mahali pamoja maisha yake yote. Watu wanne wakibeba kabati kushuka nalo ngazi, wawili wa chini ndio wanaoelemewa, ingawa kabati ni lilelile na wabebaji ni walewale. Gari linapofunga breki kwa nguvu, uzito hukimbilia mbele. Linapokata kona, huegemea upande wa nje. Linapotumbukia kwenye shimo, tairi moja hupokea kwa sekunde chache mzigo ambao hakuna jedwali linaloutaja. Mtengenezaji wa gari alipoweka 109 alikuwa ameshazifikiria sekunde hizo. Namba ya mzigo, kwa hiyo, haishushwi chini ya ile iliyoandikwa katika kitabu cha gari au kwenye kibandiko kilicho pembeni mwa mlango wa dereva, na hili ni miongoni mwa yale machache yasiyo na mjadala.

Tairi la 109 katika ukubwa huo kwa kawaida huwa na herufi XL, zinazoonyesha kwamba limeimarishwa. Tairi la aina hiyo hufikia uwezo wake wote likijazwa upepo mwingi zaidi, takriban psi 42 (psi ni kipimo cha mgandamizo wa upepo), wakati la kawaida hupimwa kwa takriban psi 36. Anayenunua XL kisha akajaza upepo kwa kukadiria kwa jicho amelipia uimara ambao hautumii.

Herufi ya kasi nayo ina utata wake. H ni kilomita 210 kwa saa, V ni 240, W ni 270 na Y ni 300. Mtu yeyote mwenye busara atauliza: katika barabara zetu, nani atafika huko, na sheria ipi itamruhusu? Hakuna. Lakini herufi hiyo haielezi mwendo peke yake. Inaeleza pia joto. Ukishika waya na kuukunja huku na huku mara nyingi, sehemu inayokunjwa hupata moto. Tairi nalo hukunjwa kila linapozunguka, zaidi ya mara 400 katika kila kilomita, likiwa chini ya gari zito, juu ya lami iliyochomwa na jua la mchana kati ya Chalinze na Segera. Tairi lenye herufi ya juu limejengwa ili kuvumilia joto hilo kwa muda mrefu zaidi, na kwa kawaida huitikia usukani kwa wepesi zaidi.

Hata hivyo, kuna pesa ya kuokoa hapa. Kitabu cha gari hutaja, kwa kila ukubwa unaoruhusiwa, herufi ya chini inayokubalika. Kama kinakubali V, hakuna sababu ya kununua Y kwa bei kubwa zaidi kwa kuwa tu muuzaji amesema gari hili ni la mbio. Lakini kushuka chini ya herufi hiyo ni kucheza na joto, na baada ya ajali, ni kumpa mkaguzi wa bima jambo la kuuliza.

Unafuu mkubwa zaidi uko kwenye rimu

Watu wengi huamini kwamba rimu kubwa ni dalili ya gari bora. Ukweli ni kwamba katika magari mengi ya aina hii rimu kubwa zilikuwa nyongeza ambayo mnunuzi wa kwanza aliilipia kwa ajili ya mwonekano, na gari hilohilo liliuzwa pia likiwa na rimu ndogo zilizopimwa na kuidhinishwa na kiwanda kilekile.

Turudi kwa X5 yetu. Seti ya inchi 20 ina matairi ya mbele ya 275/40R20 na ya nyuma ya 315/35R20. Kwa macho yanaonekana tofauti kabisa, lakini ukipiga hesabu, la mbele lina kipenyo cha milimita 728.0 na la nyuma milimita 728.5. Upana umeongezwa, ubavu ukapunguzwa, na kipenyo kikabaki palepale, kwa sababu gari linalosukumwa na magurudumu manne haliwezi kuvumilia tofauti kubwa kati ya mbele na nyuma. Sasa piga hesabu ya 255/55R18, ukubwa wa inchi 18 uliokubaliwa kwa kizazi hicho: kipenyo chake ni milimita 737.7. Tofauti na seti ya inchi 20 ni asilimia 1.3 tu, ilhali ubavu umeongezeka kutoka milimita 110 hadi 140. Hizo ni sentimita 3 za mpira na hewa kati ya rimu yako na shimo la barabarani.

Faida ya kwanza ya kushuka hivyo ni bei. Ukubwa wa 255/55R18 unavaliwa na X5, Cayenne, Volkswagen Touareg na magari mengine, kwa hiyo kampuni nyingi huutengeneza na kushindana, wakati 315/35R20 inatengenezwa na wachache na inakaa kwenye rafu za maduka machache. Faida ya pili haizungumzwi sana ingawa kwangu ina uzito uleule: matairi manne yanayofanana yanaweza kuzungushwa, ya mbele yakaenda nyuma na ya nyuma mbele, ili yaishe kwa pamoja. Katika seti yenye upana tofauti hilo haliwezekani. La nyuma huisha mapema, nawe unarudi dukani kununua lile lile la bei ghali kuliko yote. Faida ya tatu inajulikana na kila aliyepita barabara ya mtaani kwake baada ya masika. Ubavu mfupi ukigonga ukingo wa shimo hubanwa kati ya zege na chuma, nyuzi za ndani hukatika, na kesho yake tairi linaota nundu. Nundu haitibiki. Tairi lenye nundu limekwisha, hata kama uso wake ni mpya.

Kinachopotea ni wepesi wa usukani katika kona za mwendo mkubwa, pamoja na mwonekano. Kwa mtu anayeendesha kutoka Kibaha hadi mjini katika foleni, nadhani hasara ya kwanza hataiona. Ya pili aipime mwenyewe.

Yapo masharti. Rimu lazima ipite juu ya breki: X5 M, toleo lenye nguvu zaidi, kwa mfano, ina breki kubwa ambazo rimu ya inchi 18 haiwezi kuzifunika. Tundu la katikati nalo lazima lilingane. Rimu za BMW nyingi ndogo za wakati huo zina matundu matano yaliyopangwa kwenye duara la milimita 120 kama za X5, lakini tundu lao la katikati ni milimita 72.6, na la X5 ya kizazi hicho ni 74.1. Kwa macho ni rimu ileile. Kwenye gari haikai. Anayenunua rimu zilizotumika azitafute zilizotoka kwenye gari la modeli na kizazi kilekile, na kabla ya kulipa ahakikishe kwamba hazijapinda.

Nyota, na tairi linalotembea bila upepo

Alama ya nyota iliyotajwa na muuzaji ipo kweli. Kampuni za magari hushirikiana na kampuni za matairi kutengeneza tairi kwa ajili ya gari fulani, kisha huliwekea alama: nyota kwa BMW, MO kwa Mercedes-Benz, AO kwa Audi, N ikifuatwa na namba kwa Porsche, LR kwa Land Rover. Tairi lenye alama limejaribiwa pamoja na gari hilo, na kwa mfumo wa magurudumu manne wa BMW kampuni yenyewe hupendekeza nyota. Hilo ni pendekezo la haki. Si sheria, na gari halina njia ya kuitambua alama hiyo. Linachotambua ni matairi yasiyolingana. Matairi manne ya aina moja yasiyo na nyota ni salama kuliko mawili yenye nyota yaliyochanganywa na mawili ya aina nyingine.

Suala la matairi yanayoweza kutembea bila upepo linahitaji uangalifu zaidi. X5 nyingi zilitoka nayo kiwandani, yakiwa na ubavu mgumu unaoliwezesha gari kwenda takriban kilomita 80 kwa mwendo usiozidi 80 baada ya pancha. Utayatambua kwa herufi kama RFT, ROF, SSR, ZP au RSC. Ni ghali, ni magumu barabarani, na mafundi wengi hawapendi kuyaziba. Kubadili na kuweka ya kawaida kunapunguza gharama na kulainisha safari. Lakini gari lililopangwa kuyatumia mara nyingi halina tairi la akiba wala jeki, kwa hiyo gharama ya tairi la tano na jeki inaingia kwenye bajeti yako tangu mwanzo. Yabadilishwe yote manne kwa pamoja. Kuchanganya ubavu mgumu na ubavu laini katika gari moja hufanya mbele na nyuma ziitikie kona tofauti, na hilo hujitokeza siku ile dereva anapokwepa kitu ghafla.

Kwa nini magurudumu manne hayavumilii kununua tairi moja moja

Desturi ya kununua matairi mawili leo na mawili mwisho wa mwezi inaeleweka, maana wengi tunaishi kwa mshahara. Katika gari la magurudumu mawili ya kusukuma ina nafuu yake. Katika magari tunayoyazungumzia inaweza kugharimu kuliko ilichookoa.

Tairi jipya lina uso wenye kina cha takriban milimita 8. Ukiliweka pamoja na lililobaki na milimita 5, kipenyo kinatofautiana kwa milimita 6, na katika kila mzunguko moja linatembea karibu milimita 19 zaidi ya jingine. Kwa matairi ya ukubwa wa X5 hiyo ni takriban mita 8 katika kila kilomita. Kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, safari ya karibu kilomita 190, magurudumu ya mbele na ya nyuma yatakuwa yametofautiana kwa karibu kilomita moja na nusu. Tofauti hiyo lazima imezwe mahali fulani, na inamezwa na kisanduku kinachogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, ambacho mafundi hukiita transfa, pamoja na difu, yaani gia zinazogawa nguvu kati ya gurudumu la kushoto na la kulia. Vinazunguka na kusuguana muda wote, hata kwenye barabara iliyonyooka. Subaru, ambayo Forester zake zenye turbo ziko nyingi kwetu, huelekeza kwamba matairi yote manne yasitofautiane mzingo kwa zaidi ya robo inchi, yaani karibu milimita 6. Kwa kina cha uso, hiyo ni tofauti ya milimita 1 tu.

Asiyeweza kununua manne kwa mara moja, ushauri wangu ni asubiri akamilishe fedha ya manne ya bei ya kati, kuliko kununua mawili ya bei ya juu sasa.

Mtumba, umri na vinyweleo

Kiwanda cha Nairobi kilichotengeneza matairi ya Yana kiliacha uzalishaji mwaka 2016, na kile cha General Tyre cha Arusha kilikuwa kimesimama miaka kadhaa kabla ya hapo. Karibu kila tairi linalouzwa kwetu leo limepita melini na kukaa ghalani, na ghala likiwa la mabati, mpira huzeeka hata kabla haujagusa barabara. Kwa hiyo swali la umri linamhusu hata anayenunua jipya.

Tarehe imeandikwa ubavuni, mwishoni mwa mfululizo unaoanza na herufi DOT, katika tarakimu nne. Ukiona 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mara nyingi tarakimu hizo ziko upande mmoja tu, kwa hiyo ukizikosa, ligeuze. Watengenezaji wengi wa magari hupendekeza matairi yabadilishwe yakifika miaka sita, na baadhi ya kampuni za matairi huweka ukomo wa miaka kumi kwa sharti la ukaguzi wa kila mwaka baada ya mwaka wa tano. Kwa jua la Pwani, mimi nisingelingoja ukomo huo wa pili.

Wauzaji wengine huonyesha vinyweleo vya mpira vinavyochomoza kwenye uso wa tairi kama ushahidi wa upya wake. Vinyweleo hivyo hutokana na matundu madogo ya kutolea hewa katika kalibu ya kiwandani, na tairi lililolala ghalani miaka saba litakuwa navyo vyote. Mng'ao nao hautuambii kitu, maana dawa ya kung'arisha inauzwa kila mahali.

Kuhusu mtumba, nitasema wazi kwamba kwa SUV yenye nguvu siupendekezi. Tuchukulie tairi la mtumba limebaki na kina cha milimita 5 na linauzwa nusu ya bei ya jipya. Sheria ya Ulaya huruhusu uso ushuke hadi milimita 1.6, lakini katika mvua uwezo wa kusukuma maji hupungua sana mapema zaidi, na madereva waangalifu hubadilisha wakifika milimita 3. Kutoka 8 hadi 3 jipya lina milimita 5 za matumizi. Mtumba una 2. Mnunuzi amelipa nusu ya bei kwa mbili ya tano ya matumizi, bila kujua kama tairi liliwahi kutembezwa bila upepo, kama lina kiraka kwa ndani, au kama ubavu wake uliwahi kubanwa. Kupata mitumba minne yenye kina kinacholingana ni vigumu zaidi.

Kuna hatari nyingine inayohusu mtumba wa Japani pekee. Mengi ya matairi hayo ni ya majira ya theluji, yenye neno STUDLESS ubavuni au picha ya mlima wenye chembe ya theluji ndani yake. Mpira wake ulitengenezwa ubaki laini katika baridi kali, na herufi yake ya kasi mara nyingi ni Q, yaani kilomita 160. Katika lami ya Dar es Salaam mpira huo hulainika kupita kiasi, huisha haraka, na gari huchelewa kusimama. Magari mengine huteremshwa bandarini yakiwa yamevaa matairi hayo, na mmiliki huyatumia miaka miwili akiamini amepata ya Kijapani yenye ubora. Kayaangalie ya gari lako.

Jina la kampuni

Tukiwa tumeshajua ukubwa, mzigo, kasi na tarehe, sasa jina linaweza kuingia. Michelin, Continental, Pirelli, Bridgestone na Goodyear ndizo zinazotajwa kuwa za daraja la juu, na bei zake zinalingana na sifa hiyo. Zipo kampuni za kati zenye historia ndefu na maabara zake zenyewe, kama Hankook, Kumho, Toyo, Yokohama na Sumitomo yenye chapa ya Falken. Zipo pia chapa za pili za kampuni kubwa: General na Barum ni za Continental, Kleber na BFGoodrich ni za Michelin, Firestone ni ya Bridgestone, Laufenn ni ya Hankook. Kwa mfuko wa wengi wetu, hapa katikati ndipo uwiano wa bei na ubora unapokuwa mzuri zaidi.

Neno "la Kichina" halitoshi kueleza ubora wa tairi. Continental ina kiwanda Hefei, Michelin ina kiwanda Shenyang, na kampuni za Kichina zenyewe zimetofautiana sana: Linglong, Sailun na Triangle ni viwanda vikubwa vinavyouza duniani kote, wakati majina mengine dukani hata muuzaji hawezi kukwambia yametoka wapi. Uliza vipimo badala ya nchi. Tairi lililoingia kupitia soko la Ulaya huwa na lebo inayopanga uwezo wa kushika barabara yenye maji kutoka A hadi E, na tofauti ya daraja moja ni mita kadhaa za kusimama kutoka mwendo wa 80. Kwa gari la tani 2 lenye watoto ndani, daraja hilo ndilo ninalolisoma kwanza. Mfumo wa Marekani huandika ubavuni namba ya uvumilivu wa uso, kama 300 au 500, ambapo kubwa humaanisha kuchelewa kuisha; lakini kila kampuni hujipimia yenyewe, hivyo itumike kulinganisha matairi ya kampuni moja.

Halafu igawe bei kwa kilomita. Kwa mfano tu, tairi la shilingi 300,000 likidumu kilomita 25,000 limekugharimu shilingi 12 kwa kilomita. La shilingi 450,000 likidumu kilomita 50,000 limekugharimu shilingi 9. La kwanza lilikuwa nafuu dukani tu.

Siku ya kufunga

Shemeji alimaliza kwa kununua rimu tano za inchi 18 zilizotoka kwenye X5 ya kizazi kilekile, akauza zile za inchi 20, na fedha hiyo ikalipa sehemu ya matairi matano ya 255/55R18 109V ya kampuni ya daraja la kati, ya kawaida, yaliyotengenezwa ndani ya mwaka mmoja. La tano linalala kwenye buti pamoja na jeki. Nafasi ya mizigo imepungua, na alilikubali hilo kabla ya kulipa.

Alisimama pale gereji wakati wa kufunga. Alimwomba fundi apige balansi, kisha akapima alaimenti, yaani uelekeo wa magurudumu, kwa sababu gari lililokula matairi ya zamani upande wa ndani lingekula na mapya vilevile. Fundi alitaka kujaza upepo kwa kufuata namba kubwa iliyoandikwa ubavuni, kosa ambalo limeenea sana: namba ile ni ukomo ambao tairi haliruhusiwi kuuvuka, na kipimo cha kila siku ni kile cha kibandiko cha mlangoni, kilichotenganisha mbele na nyuma, na gari tupu na gari lililojaa. Kibandiko kilikuwa na mstari wa inchi 18, wakaufuata. Baada ya kilomita 50 alirudi boliti za magurudumu zikakazwa upya. Asubuhi iliyofuata, kabla ya kuwasha gari, alipima upepo matairi yakiwa ya baridi na kuandika namba zote kwenye daftari la gari, kila moja na tarehe ya kutengenezwa kwa tairi lake, kuanzia la mbele kushoto hadi lile la kwenye buti.